Mshono Juu ya Gari la Maziwa

Mume wangu alikuwa fundi wa rangi za magari na mimi ni fundi wa cherehani, kwa hivyo nyumbani kwetu mshono ulizua ubishi mwingi kuliko siasa. Kwangu mshono ndio kazi yenyewe. Mama akija kuchukua sare ya mtoto wake, mimi huigeuza ndani nje nimwonyeshe nilivyopiga mara mbili, na ninaringa kidogo. Mume wangu aliuona mshono kuwa aibu. Gari likitoka mikononi mwake, kisha mtu akaweza kuonyesha kwa kidole mahali bati lilipoungwa, alirudi nyumbani amenuna.

"Wewe unaunga ndiyo watu waone," aliniambia zaidi ya mara moja. "Mimi naunga ndiyo wasahau."

"Basi fua nguo zako mwenyewe," nami nilimjibu, ingawa hilo halikuwa na uhusiano wowote na mishono.

Yadi aliyofanyia kazi ilikuwa kando ya barabara ya Uganda, hapa Eldoret, na ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika mahali popote. Fundi akishajaza puti, ule udongo wa kuzibia bati, penye bonde, akaisugua kwa msasa mpaka akaridhika, haruhusiwi kusema kazi imeisha. Anaondoka, anaenda hata kunywa chai. Anakuja fundi mwingine, anafumba macho, anapitisha vidole juu ya bati polepole. Huyo ndiye anayesema kama imepita au haijapita. Aliyejaza hapitishi. Niliuliza kwa nini, nikidhani ni mambo ya wanaume kutoaminiana. Mume wangu akasema mkono uliofanya kazi huwa tayari umeipenda, hauwezi tena kuisemea ukweli.

Yeye ndiye aliyeitwa kupitisha kazi za wenzake, hata na mafundi wa yadi za jirani. Alitumia kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa umeota sugu za kushika zana. Kidole hicho alikitunza kuliko alivyonitunza mimi. Akikata vitunguu, anakikunja. Akienda shambani Moiben msimu wa kuvuna mahindi, anakivalisha kipande cha mpira wa tyubu. Nilimtania kwamba nitakapokufa ataoa kidole hicho, naye akasema tayari kimeshamkubali.

Vigari vilianza bila kupangwa. Alienda Elgon View kupaka rangi lango la daktari mmoja, na kwenye takataka za gereji akaona sanduku la gari la plastiki la kuunganisha, lile la vipande vidogo vidogo, ambalo mtoto wa pale alianza kuliunda akalichoka. Mume wangu akaomba, akapewa. Niliporudi jioni kutoka dukani kwangu nilimkuta mezani, miwani puani, amelipanga lile gari juu ya gazeti. Nilicheka hadi nikaketi chini. Mzee mzima, tumeozesha binti, anacheza na gari.

Baada ya hapo hakuacha. Masanduku mengine aliletewa na Mzee mmoja Msomali mwenye duka la spea na rangi mjini, ambaye alikuwa rafiki yake tangu siku za ujana wao. Huyo Mzee alikuwa na ndugu Nairobi wa kuagiza mizigo kutoka Dubai, na katikati ya vioo vya kando na taa za nyuma palipatikana nafasi ya sanduku moja la Fundi, kama alivyomwita mume wangu. Vigari vikajaa juu ya friji yetu. Wageni walipouliza ni vya mjukuu yupi, nilisema ni vya mjukuu mkubwa, yule mwenye mvi.

Lakini nilimtazama akifanya kazi, na kutazama kwingi ni kujifunza hata usipotaka. Mwili wa gari dogo mara nyingi huja nusu mbili, kushoto na kulia. Unazigundisha, na pale zinapokutana panabaki mstari. Ukipaka rangi juu ya mstari huo, rangi haiufichi, inautangaza. Kwa hiyo unajaza puti, kidogo sana, kwa ncha ya kijiti. Halafu unangoja. Hapo ndipo alipokuwa mkali. Alisema puti ni kama mtu aliyekasirika, juu inapoa haraka lakini ndani bado. Inaendelea kunywea polepole, hasa kwetu huku kwenye baridi, na ukiipaka rangi kabla haijamaliza kunywea, mstari utarudi baada ya miezi, na wakati huo ni wewe na Mungu wako. Wateja wenye haraka aliwafukuza yadini kwa sababu hiyo. Nilimsikia mara moja akimwambia mwanamume mwenye suti kwamba kama anataka gari lake kesho, alichukue leo.

Puti ikishakaa, unaisugua kwa msasa wa maji. Kisha unapaka unga wa makaa, unafuta na kusugua tena kidogo. Penye weusi uliobaki ndipo penye bonde. Unajaza tena. Mimi niliona ni wazimu. Nusu ya siku kwa mstari ambao hata mjusi asingeuona.

Ugonjwa wa sukari ulikuwa naye muda mrefu, na kwa miaka mingi tuliufanyia mzaha. Chai bila sukari aliiita maji ya kuoshea masufuria. Kisha ukaacha kuwa mzaha. Macho yalianza kwa ukungu, akasema ni vumbi la yadi. Siku moja aliwapita watu wa familia yake mwenyewe kanisani bila kuwasalimu. Tulienda kliniki ya Plateau mara nyingi, na wale watu walifanya walichoweza, lakini jicho la kushoto likaenda, na la kulia likalifuata. Aliiacha yadi. Wenzake walimpa kofia na fulana, wakaomba dua, na kijana mmoja akalia kuliko alivyolia yeye.

Wakati huo palikuwa na sanduku moja juu ya kabati ambalo hakuwa amelifungua. Lilikuwa gari la kubebea mizigo, la kufungwa nyuma, la umbo la zamani. Yule Mzee wa spea alipolileta alisema, "Fundi, hii nimeona nikakumbuka ile hadithi yako ya Moiben. Lakini imekatwa katikati kama papai. Utatoka jasho."

Hadithi ya Moiben ni yangu pia. Nilikuwa msichana, nimepeleka maziwa mahali pa kukusanyia asubuhi, na mafundi wawili wa mjini walikuwa wamekuja kupaka rangi gari la maziwa. Rangi yake ilikuwa bluu iliyopauka, kama maziwa yaliyoondolewa malai. Ilinipendeza mno nikaweka kiganja kizima kwenye mlango kuona kama imekauka. Haikuwa imekauka. Yule fundi kijana aliutazama mlango, akanitazama mimi, akaniita ng'ombe. Nikamwambia ng'ombe ni mamake. Alikaa Moiben siku nyingine zaidi kurekebisha mlango ule, na kila asubuhi nilipitia pale kuona kama bado ana hasira. Hivyo ndivyo nilivyotongozwa.

Asubuhi moja, macho yakiwa yamekwisha kabisa na figo nazo zimeanza kuleta habari mbaya, alikuwa ameketi verandani kwetu Kapsoya juani, blanketi magotini. Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Akasema, "Mama, shusha lile sanduku."

"La nini?"

"La gari ya maziwa. Tuiunde. Wewe utakuwa mikono. Mimi nitapitisha."

Nilimwambia nina sare za shule nzima za kumaliza. Akasema jambo ambalo nalisikia mpaka leo. "Nataka moja tu ipite, Mama. Ipite nikiwa hapa."

Nililishusha sanduku. Sare zikangoja.

Sikuwahi kuwa mwanafunzi mtulivu, muulize mwalimu wangu yeyote aliye hai. Nilizigundisha zile nusu mbili zikaenda upande, nikazibandua, nikazigundisha tena. Nilijaza puti nyingi kama mtu anayepaka siagi mkate wa wageni, na ikabidi niisugue yote. Nikimaliza, namwekea gari mkononi. Anafumba macho, yale macho yasiyoona, anayafumba hata hivyo, kwa sababu ndivyo kazi hiyo ilivyofanywa. Kidole cha kati cha kushoto kinaanzia juu ya kioo cha mbele, kinatembea juu ya paa mpaka nyuma.

"Bado."

"Wapi? Mimi sioni kitu."

"Huwezi ona. Shika hapa. Kuna kabonde."

"Hakuna kabonde, Mzee. Kabonde kako kwa kichwa yako."

"Paka makaa uone."

Napaka makaa, nasugua, na pale pale alipoonyesha panabaki doa jeusi dogo kama punje ya wimbi. Nilitukana kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama yangu. Yeye alicheka mpaka akakohoa. Nilijifanya nimechukia, na kusema kweli nilikuwa nimechukia kidogo, lakini zilikuwa wiki nzuri. Mtu aliyekuwa akiongozwa hadi chooni, akikatiwa nyama, akiambiwa shati lake ni la rangi gani, alikuwa na mahali pamoja ambapo yeye ndiye aliyesema, na mimi nikarudi nyuma nikafanya upya. Nilifurahi kukataliwa. Kila aliposema bado, nilijua mume wangu yupo.

Kisha ikaja ile siku. Nilikuwa nimejaza mkanda wa mwisho wa puti nyuma ya paa na kuanza kuusugua, mteja akaja, nikaacha. Mteja alipoondoka, mume wangu akanyoosha mkono. "Lete nishike."

"Sijamaliza."

"Lete tu."

Nikampa. Kulikuwa na ngazi pale nyuma, sio bonde, ngazi. Ukucha wangu ulikuwa unakwama ukiupitisha. Alifumba macho, kidole kikatembea polepole, kikafika kwenye ile ngazi, kikaipanda, kikashuka, kikaendelea.

"Imepita," akasema.

Hasira ilinipanda ghafla. Nilidhani ananihurumia. Nilidhani amechoka na mimi, au amechoka na kila kitu, ameamua kunipa maksi za bure kama mtoto wa shule. Mimi sijawahi kumruhusu mtu anihurumie kuhusu kazi.

"Usinidanganye, Mzee."

"Nimesema imepita."

Nililinyakua lile gari mkononi mwake, nikaliweka mezani kwa kishindo, nikaenda jikoni. Nilichemsha chai na sufuria zikasikika mpaka kwa majirani. Nikamletea yake kwenye kile kikombe cha chuma alichokipenda, nikakishika kwa kitambaa kwa sababu kilikuwa moto wa kuunguza. Akakipokea kwa mkono wa kushoto, akakizungushia vidole vyote, akakishikilia hivyo hivyo, mvuke ukimpanda usoni, akingoja nimalize kununa.

Nilisimama nikamtazama. Kisha nikakichukua kile kikombe, nikaugeuza mkono wake. Kidole cha kati kilikuwa na lengelenge lililokwisha kupasuka, la siku iliyotangulia labda, na jingine jipya lilikuwa linaanza kando yake.

"Hapa umechomeka lini?"

"Wapi?"

Hilo neno moja liliniua. Miguu tulijua imeshaanza kufa ganzi, tulikuwa tukiikagua kila jioni, kati ya kidole na kidole, kwa tochi. Mikono sikuwa nimeifikiria. Hasa kile kidole, sikuwahi kudhani ugonjwa ungethubutu kukigusa. Nilimfunga kitambaa safi, nikamwambia ni mkwaruzo wa kijiti cha puti. Akasema sawa. Nikaenda nyuma ya nyumba penye kamba ya nguo, nikasimama katikati ya mashuka nikalia, mdomo nimeuziba kwa kanga.

Sikumwambia. Ningemwambia nini? Kwamba mahali pale pamoja pamefungwa pia? Kuanzia hapo nikawa nasugua paa lile akilala baada ya chakula cha mchana, kimyakimya, maji kwenye bakuli, nikificha msasa chini ya vitambaa akiamka. Yeye alishasema imepita, basi ilikuwa lazima niifanye ipite, ili neno lake liwe kweli. Lakini sikuwa na wa kuipitisha. Nilijaribu mwenyewe. Vidole vyangu vimechomwa na sindano maisha yote, ni vigumu kama ngozi ya kiatu. Halafu mimi ndiye niliyejaza, na nilikuwa nimeshaanza kulipenda lile gari.

Nikalifunga kwenye leso nikalipeleka mjini kwa Mzee wa spea. Aliniletea kiti, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akauliza habari za Fundi. Nikamwekea gari juu ya kaunta.

"Nipitishie, Mzee. Hapo juu. Funga macho."

Alifumba macho kwa adabu zote, akapitisha kidole gumba, akayafumbua. "Mama, wallahi mimi nauza spea. Nikisema imepita ni nani ataniamini? Hii peleka kwa Fundi."

"Fundi amechoka."

Alinitazama. Ni mtu wa biashara, amezoea kusoma nyuso. Aliufunika mdomo wake kwa mkono, akautelezesha hadi ndevuni. Hakuuliza tena. Alifungua droo, akatoa karatasi ya msasa laini sana, wa kumalizia, akaikunja vizuri akaitia kwenye leso pamoja na gari. "Peleka kwa Fundi," akarudia, taratibu zaidi. "Mwambie nimemsalimia."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimemkasirikia huyo Mzee bila sababu. Mume wangu alikuwa ameamka, ameketi kwenye kiti chake, na kabla sijavua viatu akasema, "Gari iko wapi, Mama?"

Nikampa. Sikuwa na ujanja mwingine.

Hakutumia kidole. Alilishika kwa viganja viwili, akaliinua, na mimi nikadhani anataka kulinusa. Akaliweka paa kwenye mdomo wake wa chini. Alifumba macho. Akalivuta polepole, toka mbele kwenda nyuma, mdomo ukiwa umelegea kidogo, kama mtu anayeonja uji kama ni moto. Akafika nyuma akasimama. Akarudi kidogo. Akasimama tena.

"Hapa karibu na mlango ya nyuma," akasema. "Bado. Lakini umefanya kazi."

Nikaketi chini kwenye sakafu. "Umejua tangu lini?"

"Ya kidole? Tangu ile siku ulininyang'anya. Mtu hawezi kasirika hivyo kama kazi imepita." Alilipapasa paa kwa kiganja, kwa mazoea tu. "Halafu ukaniambia ni mkwaruzo. Wewe hujui kudanganya, Mama. Sauti yako inapanda."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe ukanyamaza."

Nikalia pale sakafuni, bila mashuka ya kujificha. Yeye hakulia. Alinitafuta kichwa kwa mkono wake, akakipata, akauacha pale. Sijui kama alihisi nywele zangu. Sikumuuliza, na ninafurahi kwamba sikuuliza.

Nilijaza lile bonde la mwisho kesho yake. Mvua zilikuwa zimeanza na jua lilikuwa la kuomba. Nikamwambia itabidi ikae sana, kwa unyevu huu, labda mpaka mvua zipungue. Usiku huo na mchana uliofuata hakula kitu. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba, na pumzi yake ilikuwa na ile harufu ya figo kushindwa ambayo nilishaijua.

"Sugua leo," akasema.

"Haijakaa, Mzee."

"Najua haijakaa."

"Si ni wewe ulikuwa unafukuza watu?"

"Ni mimi." Alitabasamu kidogo. "Sasa mimi ndiye mwenye gari. Sugua."

"Na mshono ukirudi?"

"Utarudi," akasema, bila uchungu wowote, kama fundi anayemweleza mteja. "Utaupata wewe."

Nilisugua. Nililia na nikasugua, na maji ya bakuli na ya macho yote yalifanya kazi moja. Nikamwekea mdomoni. Safari hiyo alilivuta paa mara mbili, mbele kwenda nyuma, nyuma kwenda mbele. Nilikuwa nimeshikilia pumzi, mimi bibi wa umri wangu, kama ninayesubiri matokeo ya mtihani.

"Imepita," akasema. Na ilikuwa imepita. Akaongeza neno la kwao, la kwetu, "Kongoi." Asante. Hakuwa mtu wa kushukuru kwa kazi, alisema kazi si zawadi.

Rangi niliitafuta mimi, kwa kuwa mwenye macho nilikuwa mimi, na katika watu wote wanaoona ni mimi tu niliyeikumbuka ile bluu kwa kuwa nilikuwa nayo kiganjani. Nilipekua vitambaa vya dukani mpaka nikapata kipande cha bitana kilichofanana nayo, nikampelekea Mzee wa spea. Kijana wake wa kuchanganya rangi alisema inakaribia nyeupe, Mzee akamwambia achanganye alivyoagizwa. Wakanijazia kwenye kopo la kupulizia.

Nilipulizia verandani mvua ilipopumzika, gari likiwa juu ya chupa. Nilimweka karibu ili asikie harufu. Alivuta hewa kwa nguvu, yeye ambaye pumzi ilikuwa inamshinda.

"Niambie," akasema.

"Imeshika vizuri. Hakuna michirizi."

"Bluu yake?"

"Ni ile."

"Si nyeupe sana?"

"Ni ile, Mzee. Ningeshika mlango tena."

Akacheka bila sauti, mabega tu. "Ng'ombe," akasema.

Lilipokauka alikaa nalo mapajani siku zote zilizobaki, na hazikuwa nyingi. Alifariki asubuhi, mvua ikinyesha, mimi nikimgeuzia mto. Tulimzika shambani Moiben, udongo ukiwa umelowa na magari yakikwama, na mafundi wa yadi wakayasukuma wakiwa na suti zao. Shemeji yangu mmoja alisema lile gari tulitie kwenye jeneza, ni vizuri, litamsindikiza. Nilimwambia kama anataka kusindikiza, aingie mwenyewe. Watu wakasema ni huzuni. Haikuwa huzuni, ni tabia yangu, lakini niliwaacha waseme.

Niliishi. Sare za shule hazijui msiba, shule zikifungua watoto wanataka kaptula. Lile gari nililiweka mbele ya mengine yote juu ya friji. Asubuhi nyingine nilijikuta nimechemsha chai na kuitia kwenye kikombe cha chuma kabla sijakumbuka.

Ulipofika msimu wa baridi, ule wa ukungu mpaka saa nne, nilikuwa nafuta vumbi pale juu. Mwanga wa dirisha uliingia kwa upande. Nililiinua gari la maziwa nikaona kitu juu ya paa. Nikadhani ni uzi wa kitambaa changu umeanguka, nikaupuliza. Haukuondoka. Nikaufuta kwa kidole, sikuhisi kitu, kwa hivi vidole vyangu. Basi nikafumba macho na kuliweka paa kwenye mdomo wangu wa chini, nikalivuta polepole, toka mbele kwenda nyuma.

Ulikuwa pale. Mwembamba sana, karibu na mlango wa nyuma.

Nilileta bakuli la maji. Nikatia ndani ule msasa laini wa Mzee wa spea, nikaketi kwenye kiti cha verandani na gari mapajani, blanketi lake magotini. Ningeweza kuuondoa. Mikono yangu sasa inajua: kusugua, kujaza, kungoja, na sasa nina muda wote wa kungoja, hakuna wa kunikimbiza. Nilikaa hivyo mpaka maji yakawa baridi zaidi na vidole vikaniuma. Nani angefumba macho? Mimi ndiye niliyejaza, na aliyejaza hapitishi.

Niliyamwaga yale maji kwenye sukuma wiki, nikalirudisha gari juu ya friji, mstari ukitazama ukutani.